Taa ya Upande wa Mama

Lori letu limekatwakatwa. Baba alinipigia simu kuniambia, kwa sauti ile ile anayotumia kunijulisha kwamba mvua imenyesha. Siku tatu baadaye kondakta wa basi la kutoka Kibondo alinikabidhi, hapa Kasulu ninapoishi, boksi la kiberiti lililozungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na balbu moja ya indiketa, ya kawaida kabisa, kioo chake kimefifia kwa miaka.

Nilijikuta nimeipeleka puani, kama mtu anavyonusa nguo ya mtoto aliyekua. Ilikuwa bado na ile harufu ya maji ya betri, harufu kali inayokwama nyuma ya koo kama chumvi na kutu. Nikarudi mara moja Kitahana, kwenye uwanja wetu wa udongo mwekundu, kwenye majira yale ambayo lori la Baba lilikuwa likifa kila baada ya siku mbili, na mimi, mwenye miaka minane, ndiye niliyekuwa nikiliua.

Lilikuwa lori la zamani, la rangi ya bluu iliyochujuka hadi ikafanana na moshi. Baba alilitumia kubebea maharage na mahindi ya watu, akiyapeleka magulioni na kurudi na mabati, chumvi na saruji. Majirani walikuwa wamelibatiza jina la Mstaafu. "Mstaafu kaamka?" waliuliza asubuhi, kama wanaoulizia hali ya mzee wa nyumba. Kwa kuwa kwetu ni milima, Baba alikuwa na mazoea ya madereva wote wa kule: hakuegesha mahali tambarare hata siku moja. Aliliacha kwenye mteremko kando ya uwanja, pua ikielekea bondeni, ili betri ikigoma aweze kuliachia liserereke, atie gia ya pili na kulishtua. Kazi yangu ilikuwa jiwe. Akishazima injini nilikimbia na jiwe langu, jeusi, zito kuliko nguvu zangu, nikalisukumia mbele ya gurudumu. Hapo tu ndipo Baba alipoondoa mguu kwenye breki. Nilijiona kama mtu anayeushikilia mlima wote usiondoke.

Mama alikuwa na upande wake katika lori lile. Alipokwenda na Baba gulioni alikaa mlangoni kushoto, na mbele ya magoti yake kulikuwa na kisanduku cha dashibodi alichokifanya kabati lake: kitambaa, rozari, sindano na uzi, karanga za njiani. Ukikifungua, kitaa kidogo kiliwaka ndani. Kile cha asili kiliungua zamani, na Mama akalalamika kwamba anapapasa kama kipofu. Basi siku moja Baba akang'oa balbu ya indiketa kwenye gari bovu la rafiki yake, akaifungia humo kwa waya, kubwa kuliko nafasi yake. Mama alipofungua akacheka akaziba macho. "Baba Edita, umeniwekea jua!"

Edita ni mimi.

Mama alipougua, tulikwenda kwanza Kibondo, na kutoka pale tukapewa barua ya kwenda hospitali ya Kabanga, huko karibu na Kasulu. Tuliondoka alfajiri, ukungu umejaa mabondeni. Barabara wakati ule ilikuwa ya vumbi na mashimo. Mimi nilikaa katikati, kati ya goti la Baba lililokuwa likihangaika na klachi na bega la Mama lililokuwa la moto kama chungu. Njiani Mama alifungua kisanduku akitafuta kitambaa. Taa ikawaka, ikamwangazia mikono. Nikanyoosha mkono nifunge, kwa sababu Baba hakupenda ibaki wazi.

"Kiache, mwana wanje," akasema Mama, akiniita mwanangu kwa Kiha. "Usikifunge mpaka tufike."

Tulikuwa tumeshapita Makere, jua limeanza kupenya miti, Baba aliposimamisha lori ghafla. Alimwita Mama kwa jina lake la utotoni, ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia. Alimwita mara tatu. Kisha akashuka, akazunguka hadi mlango wa kushoto, akakaa kwenye kidaraja cha kupandia, miguuni pa Mama. Alikaa pale mpaka ukungu ukaisha. Aliporudi kwenye usukani aligeuza lori. Mimi sikuelewa kifo. Nilichokiona ni kwamba tulikuwa tukienda Kabanga, na sasa hatuendi tena.

Usiku wa kwanza wa matanga waliwasha moto uwanjani, kama inavyofanywa kwenye msiba, wanaume wakauzunguka. Bibi, mama yake Baba, alisema moto huo hauzimwi kwa mkono wala haumwagiwi maji. Huachwa uwake hadi matanga yaishe, kwa sababu aliyeondoka bado yuko njiani na unamwangazia kutoka mgongoni. Lakini mvua ilikuja kubwa, ikazima kila kitu. Nilimsikia Bibi mlangoni akimnong'oneza Mungu gizani: "Imana, sasa huyu ataona wapi njia?"

Nadhani watu wazima husahau maneno kama hayo kabla hata hawajalala. Mimi nilikuwa na njia ya Mama kichwani mwangu, naijua kona hadi kona, na nilijua ilikatikia wapi. Alikuwa bado mle ndani ya lori, upande wake, akingoja kufika. Tena aliniachia kazi.

Basi kila jioni, nikishaweka jiwe, nilizunguka upande wa kushoto, nikapanda kidaraja, nikaingiza mkono dirishani na kubonyeza kile kifuniko kama kilijifunga kwa mitikisiko ya safari. Taa ikawaka. Niliitazama kidogo, nikamwambia Mama ulale salama, nikaenda kula.

Sikujificha. Hilo ndilo ninalolifikiria sana siku hizi. Mtu yeyote angeniona. Lakini toka tumzike Mama, Baba hakuutazama upande ule. Hakumruhusu abiria kuketi pale, aliwapandisha juu kwenye mizigo hata ikinyesha. Aliendesha shingo imekaza mbele, na alipohitaji kuangalia kioo cha kushoto alikitazama upesi upesi, kama mtu anayepita mbele ya jeneza. Kifuniko kile kililegea wazi mchana kutwa karibu na mkono wake, na hakukiona.

Lori lilipumzika siku mbili, wakati mwingine tatu, kati ya safari na safari. Asubuhi ya safari Baba aligeuza ufunguo, na Mstaafu akatoa mlio mmoja mkavu, ka, basi. Mara ya kwanza hakushtuka. Aliniambia niondoe jiwe. Lakini mteremko wetu ulikuwa mfupi, na mvua ilipolainisha udongo lori halikushika kasi ya kutosha. Ikabidi waitwe watu.

Walikuja. Mwanzoni walikuja kwa huruma, kwa sababu nyumba ilikuwa na msiba, wakasukuma kimya. Kufikia wiki ya tatu huruma ilishaanza kuchoka na mizaha ikarudi. Jirani yetu Mama Konsolata, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele ya kanisa, ndiye aliyekuwa akipanga mabega.

"Haya, Baba Edita, leo huyu Mstaafu tumbebe kwenye jeneza au kwenye kiti?"

"Msukume tu, dada yangu."

"Tunasukuma! Lakini mwambie na yeye atie nia. Mume wangu mwenyewe sijamsukuma hivi."

Walicheka. Baba hakucheka. Alipokuwa dereva wa Mstaafu aliyewaka, watu walimpa mizigo yao bila kuuliza. Sasa walianza kuwapa wengine, kwa aibu, wakimwambia maharage yao bado hayajakauka, na huku tunayaona yakipita barabarani kwenye pikapu za watu wa mjini.

Aliitafuta ile hitilafu kama mtu anayetafuta mwizi ndani ya ukoo wake. Alisugua vichwa vya betri kwa majivu na maji moto mpaka vikang'aa. Aliongeza maji. Alikaza waya wa ardhi, akabadilisha mkanda wa altaneta, akaazima betri nyingine kwa mtu wa mashine ya kusaga. Betri ile nzima ya mtu nayo ikafa baada ya siku mbili, na kuirudisha ikiwa imekufa kulimuuma kuliko yote. Jioni moja, akiwa amekaa kwenye tairi la akiba, mikono imetoboka ngozi kwa asidi, alimwambia Bibi:

"Mama, nimechoka nalo. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja mtu wa vyuma chakavu. Kama halijapona, alichukue."

Nilikuwa nachambua mchicha. Niliuliza vyuma chakavu wanavifanyia nini.

"Wanakata," akasema Baba. "Wanayeyusha."

Sikula usiku ule. Niliogopa kitu ambacho sikuweza kumwambia mtu: watamkata Mama akiwa bado safarini. Na kwa kuwa niliogopa, nilizidi kuwa mwaminifu. Jioni zilizofuata niliiwasha taa mapema zaidi, hata kabla jiwe langu halijatulia.

Baba akafanya jaribio la mwisho. Watu walilisukuma, akalipeleka Kasulu kwa Fundi Athumani, mzee mwembamba mwenye asili ya Ujiji, kofia yake nyeupe haikuwahi kushika grisi. Lilikaa gereji siku tatu. Kijana wa gereji alifagia ndani, akafunga kila kilichofungika. Na kila asubuhi Fundi Athumani aligeuza ufunguo, na kila asubuhi Mstaafu akawaka.

"Baba Edita," alisema Baba akitusimulia baadaye, akimwigiza fundi na sauti yake ya puani, "gari lako haliumwi. Limechoka kukaa shamba. Linataka chai ya mjini."

Alilirudisha akiwa karibu kutabasamu. Jioni hiyo nilikuta kisanduku kimefungwa. Siku tatu gizani! Nilifungua, nikamwomba Mama radhi.

Baada ya siku mbili, asubuhi, ka.

Hapo ndipo watu walipoanza kusema waziwazi kile walichokuwa wakikisema jikoni. Kasulu linawaka, Kitahana linakufa. Mama Konsolata aliweka mikono kiunoni, safari hii bila mzaha. "Baba Edita, usinichukie. Marehemu alifia humo ndani. Hajaliachia hili gari. Liombewe, au liende."

"Betri hainyonywi na marehemu," Baba akajibu.

"Basi inanyonywa na nani?"

Bibi aliinamisha kichwa. Mimi peke yangu uwanjani nilifurahi, furaha ya ajabu iliyonipanda mpaka masikioni. Kumbe hata watu wazima walijua kwamba yumo.

Alhamisi, siku mbili kabla ya yule mtu wa vyuma, Fundi Athumani alishuka kwenye basi na betri yake mwenyewe, amembebesha kijana wa stendi. Alikataa chai. "Sijaja kwako, nimeijia hii gari. Imenidhalilisha." Akalizunguka taratibu. "Betri haifi, Baba Edita. Inaliwa. Kuna kitu hapa kinakula wakati nyie mmelala. Leo tutakiona kinywa chake."

Aliifunga betri yake ubavuni mwa lori, lakini waya mmoja hakuurudisha mahali pake. Kati ya waya ule na kichwa cha betri aliunganisha kitaa kidogo chenye nyaya mbili. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Baba. Hakuna kilichowashwa. Pamoja na hayo, kile kitaa kikawaka mkononi mwake, chekundu, hafifu, kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

"Umeona?" akasema Fundi. "Gari limezimwa, umeme unatembea. Wewe shika hapa, ukitazame. Mimi nachomoa fyuzi moja moja. Kikizima, piga kelele."

Akaingia upande wa dereva, akainama chini ya usukani hata nikaona mgongo wake tu. Mimi nilikuwa nimepanda kidaraja cha upande wa pili, kidevu kwenye dirisha la Mama. Jana yake jioni nilikuwa nimefungua, na taa ya Mama ilikuwa inawaka, ila kwa unyonge, rangi ya kutu. Niliona haya kwa unyonge wake.

"Honi!" aliita Fundi.

"Bado inawaka," akajibu Baba kutoka nje.

"Waipa!"

"Bado."

"Hii sijui ya nini. Haya!"

"Bado."

Kisha mkono wa fundi ukavuta kingine, na taa ya Mama ikazimika mbele ya macho yangu.

"Imezima!" Baba akapaza sauti, na ilikuwa sauti ya furaha, ya kwanza toka msiba. "Fundi, imezima!"

"Mrudishie!" Nilikuwa nimepiga kelele hata kabla sijajua nimefungua mdomo. "Mrudishie taa yake!"

Fundi Athumani akainua kichwa. Akanitazama, akatazama nilipokuwa nikitazama, akaona kisanduku kimefunguka kama kinywa, balbu kubwa imening'inia kwenye waya. Akarudisha fyuzi. Ikawaka. Akachomoa. Ikazima. Nami kila ilipozima nililia.

"Baba Edita," alisema taratibu, "huku upande wa kushoto ulipakagua?"

Baba alikuwa amefika dirishani kwa dereva. "Huko hakuna kitu," akasema.

"Sikuuliza kama kuna kitu. Ulipaangalia?"

Niliona shingo yake ikigeuka, pole pole, kama nati iliyoshika kutu. Aliitazama rozari. Alikitazama kitambaa ambacho Mama hakuwahi kukipata. Aliitazama balbu aliyoifunga kwa mikono yake. Mwisho akanitazama mimi.

"Ni wewe unayeiwasha?"

"Ego," nikakubali.

"Kila siku?"

"Kila siku. Mama alisema nisifunge mpaka tufike." Na kwa kuwa bado alinitazama tu, nikamweleza, kwa subira, kama unavyomweleza mtu mzima jambo lililo wazi. "Hatukufika, Baba. Uligeuza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Fundi Athumani alivua kofia yake, akaishika. Baba alifuta mikono yake kwenye suruali, mbele na nyuma, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Fundi," akasema, "irudishe fyuzi."

"Irudi?"

"Irudi. Na betri yako uniazime hadi jioni."

Tulishuka Kibondo na kuishika barabara ya Kasulu, mimi na Baba mbele, Fundi Athumani nyuma akiwa amekaa kwenye gunia tupu, maana alikataa katakata kukaa kati yetu. Baba aliniambia nikae mlangoni. Magoti yangu hayakukifikia kisanduku. Tulipopita Makere na kufika pale penye miti, hakusimama, ila alipunguza mwendo, akanishika mkono wa kulia na kuendesha kwa mkono mmoja, na kwa kuwa alihitaji mkono kwa gia, akabadilisha gia na mkono wangu ukiwa ndani ya wake. Kile kipande cha barabara kilichobaki nilikuwa sijawahi kukiona. Nilishangaa kuona ni kifupi.

Mbele ya lango la hospitali ya Kabanga palikuwa tambarare kabisa. Baba alisimamisha lori pale, pasipo na mteremko, pasipo na mtu anayetufahamu wa kutusukuma, akazima injini. Niliusikia ukimya ukiingia. Watu walipita na vikapu vya chakula cha wagonjwa, wakatuamkia, tukaitikia.

"Edita," akasema, "tumefika."

Nilisubiri kidogo, nione kama kuna kitakachotokea. Akina mama wawili walikuwa wamekaa ukutani wakimmenyea mtoto chungwa. Kisha nikanyoosha mkono, nikakisukuma kifuniko, kikalia taratibu kikajifunga. Baba akafunika uso kwa mikono yake yenye madoa ya asidi, na nikamwona akilia kama alivyopaswa kulia pale kwenye kidaraja, alipoyameza machozi ili aweze kuturudisha nyumbani.

Alipomaliza aligeuza ufunguo, na Mstaafu akawaka.

Tulirudi jua likiwa bado juu ya milima. Betri ya Fundi ilibaki kwake Kasulu, na yetu tuliyoibeba nyuma ilikuwa imechajiwa gerejini na kurudishwa mahali pake. Mama Konsolata na wasukumaji wake walikuwa uwanjani wakisubiri habari, na hakuna aliyetania walipoiona sura ya Baba. Bibi alisimama mlangoni. Tangu mvua ile ya matanga alikuwa amekataa pale pa moto pafagiwe. Jivu lilikuwa limegandamana na udongo, kuku wanalichakura, naye akitufukuza tukikaribia na ufagio.

"Mmetoka wapi, mwana wanje?" akamuuliza Baba.

"Kabanga, Mama. Tumempeleka."

Bibi alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimeketi upande wa Mama, mlango wazi, miguu inaning'inia.

"Amefika?"

"Ego," nikasema mimi. "Amefika."

Akaingia ndani. Nilikwenda kuweka jiwe langu chini ya gurudumu, na nilipoinuka alikuwa ametoka na ufagio, ameinama pale uwanjani, analifagia jivu.